Sura ya Sita: Mstari wa Bluu

Mdogo wake Fundi alikuwa tena kwenye benchi la kituo cha polisi, pale pale alipokaa jana, bakuli la chakula limefungwa kwa kitambaa na kupakatwa kama mtoto. Inspekta alifungua faili akajifanya anasoma huku anapita. Hila hiyo haikuwahi kumfaa katika miaka yake yote ya kazi, na leo pia haikumfaa.

"Shikamoo, mama. Leo dada anatoka?"

"Marahaba. Leo anapelekwa mahakamani."

"Akitoka huko je?"

Inspekta alitazama bakuli mapajani mwake. Alimwambia ale yeye, chakula kisilale. Binti akasema hapana, atasubiri. Kisha, kwa sauti ya chini, akaeleza kwamba nyumbani mama yao ni mgonjwa na ameambiwa Fundi kasafiri kikazi, na kila jioni anauliza safari imefikia wapi. Inspekta aliitikia kwa kichwa akaenda zake. Miguu ilikuwa inamuuma tangu alipoamka, na siku yenyewe ilikuwa bado mbichi.

Kesi ilikuwa ya vituko. Katika taasisi moja ya utafiti, nyuma ya gereji za magari, kikundi kidogo cha watu kilikuwa kinatengeneza roboti wa kupeleka Mwezini. Si roboti mwenye mikono na macho kama wa sinema. Alikuwa mrija wa chuma, urefu wa mkono wa mtu mzima, ncha mbele, mkia wa waya nyuma na nyundo tumboni. Nyundo ikigonga, mrija unazama ardhini kidogo kidogo mfano wa fuko, na mkia wenye vipimajoto unafuata nyuma, ili watu wajue chini ya ardhi ya Mwezi kuna joto kiasi gani na linatoka wapi. Matajiri wangejenga mtambo wa kuchimba wenye uzito wa lori. Hawa bajeti yao isingenunua hata lori bovu, basi wakatengeneza fuko kwa springi na mota za madukani, wakamtafutia nafasi ya abiria kwenye chombo cha kampuni nyingine kilichokuwa kinakwenda huko kwa shughuli zake.

Walitengeneza wawili, pacha wasiotofautiana hata kwa skrubu. Wa kwanza walimwita Kaka. Huyo ndiye wa kusafiri, na hakuruhusiwa kugusa hata chembe ya mchanga. Wa pili walimwita Mdogo, na kazi yake ilikuwa kubaki nyumbani ateseke: kuzamishwa kwenye shimo la mchanga, kuchomolewa, kuzamishwa tena, ili siku Kaka akikwama huko juu wajue la kufanya. Juzi asubuhi Mdogo alikutwa shimoni mkia umekatwa na mota imeng'olewa. Mlango wa karakana ulikuwa umefunguliwa jioni iliyotangulia kwa kadi ya Fundi. Fundi alikamatwa, akaulizwa, akajibu kwa maneno ambayo hakuyabadilisha tena. Ni yeye, alisema, na alikuwa peke yake.

Kwa nini, hakusema. Inspekta alikuwa amezoea waongo wa kila namna, lakini wanaokiri haraka ndio waliomchosha zaidi. Anayekana unaweza kumbana. Anayekiri unambana wapi? Mchana huu faili lingekwenda kwa hakimu, shitaka la kuharibu mali kwa makusudi, na likishatoka mkononi mwake lisingerudi. Fundi angekwenda mahabusu kusubiri kesi ambayo ingeweza kuota mvi, na mama yake angeendelea kuuliza habari za safari. Alasiri hiyo hiyo gari la mizigo lingekuja kumchukua Kaka.

Meneja wa taasisi alimpokea Inspekta getini kwa maneno mengi kuliko asubuhi ilivyostahili. Yeye ndiye aliyemkuta Mdogo shimoni, yeye ndiye aliyepiga simu polisi, na alikuwa na maelezo yake tayari, yamepangwa vizuri kabisa. Fundi ametumwa. Nani amemtuma? Mhandisi mmoja wanayemwita Bwana Rada. Huyo bwana alikuwa na rada yake ya kuchungulia chini ya ardhi, ikaondolewa kwenye safari kwa sababu ya uzito, na siku ilipoondolewa alisimama mkutanini mbele ya watu wote akamwombea fuko wao akabwe na mchanga. Zaidi ya hayo, jioni ile alionekana uani.

"Afande, mtu wa namna hiyo unamwacha huru?" Meneja aliuliza.

Inspekta alisema hamwachi mtu yeyote, anaomba tu aonyeshwe ngazi isiyo na vipandio vingi.

Bwana Rada alikuwa chumba cha chini anafunga virago. Kreti la mbao lilikuwa limejaa vifaa, na yeye amepiga magoti anakaza skrubu za mfuniko, jasho linamtoka. Hakuonekana kushangaa. Alikubali kwamba alikuwepo uani jioni ile, alikuja kuchukua mabaki ya rada yake. Alikubali pia maneno ya mkutanini, na akasema angeyarudia leo. Alikuwa na hasira za mtu aliyelala nazo mpaka zimemchosha, umebaki uchungu tu.

"Wamechagua nyundo badala ya macho," alisema. "Mimi rada yangu ingewaonyesha chini kuna mapango, kuna miamba, kuna nini, bila kugusa kitu. Fuko wao atagonga jiwe moja tu, basi, safari imekwisha. Lakini rada ni nzito, fuko ni mwepesi, na sisi ni maskini. Ningekuwa kwenye kamati, mama, hata mimi ningeiondoa rada yangu."

"Fundi ni mtu wako?"

"Fundi?" Alicheka bila furaha. "Fundi na Profesa, huyo mwenye fuko, ni chanda na pete. Mimi alinikatalia hata kuniazima bisibisi."

Alikaza skrubu ya mwisho, akatoa mfukoni kichupa kidogo cha rangi, kama cha rangi ya kucha, akakishika tu bila kukifungua. Akatazama mlangoni. Hakukuwa na mtu. Akamtazama Inspekta, aibu kidogo usoni.

"Mama, hebu nishuhudie."

Inspekta hakuelewa, na ilibidi aelezwe. Pale kazini, skrubu ikishakazwa inachorwa mstari wa rangi unaotoka kwenye kichwa chake na kuvuka mpaka kwenye bati. Skrubu ikilegea baadaye, hata kidogo, mstari unakatika, na jicho linaona. Lakini aliyekaza hachori. Anachora mtu wa pili aliyesimama akiangalia, kwa sababu aliyekaza anajiamini mno. Na kila mtu ana rangi yake: Fundi kijani, Profesa bluu, yeye Bwana Rada zambarau, ili mambo yakiharibika ijulikane nani alishuhudia.

"Sasa hili ni kreti la kwenda nyumbani kwako," Inspekta alisema. "Nani atakuuliza?"

"Hakuna. Lakini bila mstari sitalala." Alivuta droo akatoa kichupa kingine. "Shika nyeusi. Ni ya wageni."

Kwa hiyo Inspekta, na magoti yake mabovu, aliinama akachora mistari kwenye kreti la mshukiwa wake. Alipokosea, ule mstari ukaishia kwenye kichwa cha skrubu, Bwana Rada alimwomba kwa adabu aufute aurudie uvuke mpaka kwenye ubao. Inspekta akaurudia. Alipomaliza alimwuliza kama anadhani Fundi angeweza kumvunja Mdogo.

Bwana Rada alifikiri. Akasema kama ni kuvunja, angemvunja yeye Bwana Rada kwanza, yule mwanamke ana mkono mwepesi. Mdogo? Hapana. Huyo alimlea mwenyewe. Hata wakati springi za shehena ya pili zilipoanza kupasuka kwenye majaribio ya mezani, Fundi ndiye aliyezunguka na moja iliyopasuka kiganjani anamwonyesha kila mtu, kama mtu aliyeokota jino.

"Springi za shehena ya pili ni zipi?"

"Tulinunua mara mbili, duka lile lile. Za kwanza zilikuwa chuma kweli. Za pili, mmh."

"Mdogo ana zipi?"

"Mdogo ana za kwanza. Alitangulia kufungwa, awahi shimoni."

"Na Kaka?"

Bwana Rada akaanza kuzungusha kile kichupa cha zambarau vidoleni. Akasema hayo yamuulize Profesa, yeye alishaondolewa kwenye safari na hataki kuonekana anamwaga sumu. Inspekta aliondoka akiwa na kichupa cheusi mfukoni, amesahau kukirudisha.

Shimo la mchanga lilikuwa ndani ya banda kubwa lenye taa za mirija. Halikuwa na mchanga wa ufukweni. Ulikuwa mwamba mweusi uliosagwa ukawa kijivu cha majivu, na kibao ukutani kiliwaonya watu wavae barakoa. Meneja alikuwa ameeleza njiani kwamba Mwezini hakuna upepo wala maji ya kulainisha chembe, kwa hiyo kila chembe ni kali kama kioo kilichovunjika, na hizo walizozisaga zilifanana nazo. Kisha alisema ana kikao, akamwachia ufunguo.

Mdogo alilazwa kwenye meza kando ya shimo, juu ya karatasi nyeupe. Inspekta alivuta kiti akakaa. Hiyo ndiyo njia yake ya kufanya kazi siku hizi: zamani alizunguka kitu, sasa anakaa mbele yake mpaka mmoja wao achoke.

Alianza na mkia. Mhalifu mwenye hasira hukata popote koleo linapoangukia. Mkia huu ulikuwa umekatwa karibu kabisa na plagi, pale ambapo fundi yeyote angevua plagi akafunga nyingine na maisha yakaendelea. Mota nayo haikuvunjwa, ilifunguliwa, skrubu zake zikapangwa kwenye kifuniko cha kopo pembeni. Huyu alikuwa mharibifu mwenye huruma kuliko wote aliokutana nao.

Kisha akashika ncha, akaisugua kwa kidole gumba kuondoa vumbi. Chini ya vumbi ilikuwa nyeusi, rangi ya kiwandani, na mistari myembamba ya mashine iliyoichonga ilikuwa bado inaonekana ikizunguka kama ya sahani ya santuri. Inspekta aliitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amekulia kwenye nyumba ya majembe. Jembe jipya lina rangi dukani. Likilima msimu mmoja, rangi inakwenda, ncha inang'aa kama kijiko. Na huo ni udongo wa kawaida, si kioo kilichosagwa.

Huyu hakuwahi kulima. Mchanga ulikuwa umemwagiwa juu yake tu, kama unga kwenye mkate.

Inspekta aliachia pumzi. Kama huyu aliyelala hapa hajawahi kuchimba, basi huyu si Mdogo. Na kama si Mdogo, ni Kaka. Na yule aliyefungwa kwenye sanduku ghorofani, anayesubiri gari la mizigo, ndiye Mdogo mwenyewe, mwenye springi nzuri na ncha inayong'aa. Hakuna aliyekuja kuvunja kitu. Wamebadilishana pacha, kisha wakamzima aliyebaki ili mtu asimwashe akagundua kwamba huyu ni mgeni wa shimo.

Jina lilikuwa kwenye kibati kidogo ubavuni, MDOGO, kimeshikwa kwa skrubu nne. Kibati hicho kilihamishwa, lazima. Inspekta alivaa miwani akainama. Kwenye kila skrubu kulikuwa na mstari wa rangi, mpya, unang'aa, umevuka vizuri mpaka kwenye bati kama alivyofundishwa asubuhi hiyo.

Alitaka kucheka, lakini uchovu ulimzidi. Mtu anahamisha kibati cha uongo, kwenye roboti ambaye dakika chache baadaye atamkata mkia na kumng'oa mota, na bado anachora mistari ili skrubu zisije zikalegea. Mwizi wa kawaida asingefanya hivyo. Ingembidi awe mmoja wao, mtu ambaye skrubu isiyo na mstari inamwasha mwilini. Na ingewabidi wawe wawili, kwa sababu aliyekaza hachori.

Mistari haikuwa ya kijani. Ilikuwa ya bluu.

Ofisi ya Profesa ilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa na tangazo la ubovu lililopauka. Inspekta alipofika juu alisimama kwanza ukutani mpaka moyo ukatulia. Ndani, Profesa alikuwa ameketi kati ya makopo ya springi, kila kopo na karatasi yake. Alikuwa mzee mwembamba, shati limechomekwa upande mmoja, macho mekundu ya mtu ambaye kitanda amekiona kwa mbali tu. Kwenye dirisha nyuma yake, uani, gari la mizigo lilikuwa limeshafika na mtu mmoja alikuwa anashusha mizani.

Alimkaribisha kiti. Akaanza kusema kwamba taasisi nzima imesikitika, kwamba Fundi alikuwa kama binti yake, na kwamba pengine ni msongo wa kazi. Inspekta alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia.

"Profesa, kichupa chako cha rangi kiko wapi?"

Mkono wa mzee ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Ulikigusa, ukabaki pale.

"Kinatoka mfukoni mwako?"

"Hakitoki."

"Basi jioni ile mlikuwa wawili. Yeye alikaza kibati, wewe ulichora."

Profesa hakukana. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, na bila miwani uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mdogo na mwoga. Alieleza yote taratibu. Springi za Kaka zilikuwa za shehena ya pili. Fundi alimletea ile iliyopasuka, naye akajua amesema kweli. Lakini kamati ilikuwa imeshafunga muundo, hakuna kubadilisha kitu tena. Kumfungua Kaka baada ya hapo maana yake kurudia majaribio yote, na majaribio yangerudiwa huku chombo kikienda zake. Nafasi kama ile isingepatikana tena, si kwa watu wa mfuko wao. Wangempeleka Kaka, angegonga mara chache, springi ingepasuka, na fuko wao angelala juu ya vumbi la Mwezi mpaka mwisho wa dunia. Mdogo alikuwa amejithibitisha. Wakakubaliana kubadilisha, na asubuhi waseme Mdogo amegonga jiwe, wamemfungua wamtengeneze. Meneja akawahi kufika. Meneja akapiga simu.

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilidhani watamwuliza tu na kumwachia. Kisha nikasema moyoni, gari likishaondoka nitakwenda mwenyewe. Kila saa iliyopita, kusema kulizidi kuwa kuzito." Alivaa miwani tena. "Na yeye alikubali."

"Ulimwuliza?"

"Walipokuwa wanampandisha kwenye gari la polisi alinitazama. Nilielewa."

Inspekta aliyatazama makopo ya springi. Alikuwa na hasira, na hasira ilimshangaza, maana alidhani ilikwisha miaka mingi iliyopita. Siku mbili huyu mzee alikuwa amekaa na makopo yake hapa, huku mtu aliyemwita binti yake akilala sakafuni.

"Nipe mpaka gari litoke getini," Profesa alisema. "Nakusihi, mama. Mpaka getini tu, kisha nifunge unavyotaka."

"Likitoka getini, yeye atakuwa mbele ya hakimu."

Profesa aliinamisha kichwa.

"Ninashuka," Inspekta alisema, akijiinua kwa mikono yote miwili. "Ukishuka nami, utasema mwenyewe. Usiposhuka nitasema mimi, na mambo ya springi siyajui, nitayasema vibaya."

Aliteremka bila kugeuka. Alikuwa kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza aliposikia viatu vya mzee nyuma yake.

Mtu wa mizigo alikuwa mnene, mpole, kijiti cha meno mdomoni, na fulana yenye nembo ya kampuni iliyofuliwa mpaka nembo ikachoka. Sanduku lilikuwa limeshateremshwa uani, na Meneja alikuwa anazunguka hapo kama mwenye harusi. Profesa alisimama mbele yao akasema. Alisema kila kitu, springi, kamati, vibati, mkia, polisi, na kwamba aliyemo ndani si Kaka. Meneja alikaa kwenye ngazi. Mtu wa mizigo alisikiliza mpaka mwisho, akahamisha kijiti upande wa pili wa mdomo.

"Uzito ni ule ule?"

"Ule ule," Profesa alisema.

"Amepita meza ya kutikisa?"

"Wote wawili. Siku moja, meza moja."

"Amesafishwa?"

"Fundi alimsafisha mpaka ndani ya nyufa."

"Betri nusu?"

"Nusu, kama mlivyotaka."

"Sasa mzee, mimi shida yangu nini?" Alitoa karatasi, akakata neno moja kwa kalamu, akaandika jingine juu yake. "Sisi tunabeba. Tunataka asizidi uzito, asiachie vipande njiani, asilipuke. Nani kaka nani mdogo, hayo ni ya nyumbani kwenu."

Profesa alibaki mdomo wazi. Kamati ilikuwa yao wenyewe, na sheria ya kufunga muundo ilikuwa yao wenyewe. Kampuni walikuwa hawajawahi kuiuliza. Hakuna hata mmoja wao, katika wasiwasi wote ule, aliyeinua simu akauliza.

Mtu wa mizigo alifungua sanduku, akampima Mdogo, akaridhika. Profesa alikaza skrubu za mfuniko mwenyewe, kisha akanyoosha mgongo akatazama kulia na kushoto. Inspekta alijua anamtafuta nani. Alitoa kichupa cheusi mfukoni akasogea, akachora mistari, skrubu moja baada ya nyingine. Gari likaondoka.

Njiani kuelekea kituoni Inspekta alimpigia simu karani wa mahakama kumwambia faili haliji. Profesa alikaa kiti cha nyuma, mikono kati ya magoti. Kuwaficha polisi ukweli wa kesi ni kosa, na Inspekta alimweleza hivyo bila kumpaka mafuta. Mzee alisema anajua. Alipofika aliwekwa chumba cha maelezo, akapewa karatasi na kalamu, na mlango ukaachwa wazi kwa sababu ya joto.

Fundi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa mwanamke wa makamo kidogo, vidole vifupi, kucha zimekatwa mpaka nyamani.

"Gari limeondoka?" Hilo ndilo neno lake la kwanza.

"Limeondoka. Na yumo."

Fundi alifumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu juzi mabega yake yalishuka. Kisha akasema sawa, yuko tayari, apelekwe mahakamani.

"Huendi. Profesa amesema."

Macho yalifunguka kwa hofu. Aliuliza kama wamemshusha Mdogo, kama wamemrudisha ndani. Inspekta alimweleza, kwa ufupi maana hakuwa na nguvu za kurefusha: mtu wa mizigo aliuliza uzito, akauliza betri, akaandika jina jipya kwenye karatasi, akaenda. Fundi alisikiliza bila kupepesa.

"Hakujali?"

"Hakujali."

"Kwa hiyo tungemwuliza tu."

"Mngemwuliza tu."

Fundi aliinama akalia, bila sauti, kwa muda. Inspekta alisimama akimsubiri, uzito wake amehamishia kwenye mguu ulio nafuu. Alipomaliza kulia, Fundi alijifuta kwa mkono wa shati, akauliza mfuniko umekazwa na nani, na nani amechora.

"Alikaza Profesa. Nimechora mimi, kwa nyeusi."

"Mistari imevuka mpaka kwenye sanduku?"

"Imevuka."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akasimama.

Kwenye korido walipita chumba cha maelezo. Profesa aliwaona akanyanyuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Aliita, binti yangu, akanyoosha mkono, akaurudisha. Akasema alidhani wamekubaliana. Akasema siku ile alipomtazama kutoka kwenye gari la polisi, yeye alielewa.

Fundi alisimama mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Mimi nisingekutaja, Profesa. Nilikutazama ili ujitaje mwenyewe."

Hakusubiri jibu. Inspekta aliokota kiti akamsaidia mzee kukaa, kwa sababu mtu alipaswa kufanya hivyo.

Inspekta alipofika mapokezini, Fundi alikuwa amesimama mbele ya benchi na mdogo wake anafungua kitambaa. Bakuli lilikuwa limetoa jasho. Binti alisema chakula kimeshapoa, wangoje wakapashe nyumbani. Fundi alisema alete hivyo hivyo, akala akiwa amesimama, haraka, kwa mkono.

"Mama atauliza safari ilikuwaje," mdogo wake alisema.

Fundi alimeza kwanza.

"Mwambie nimerudi."